Mwongozo kamili wa kufuatilia watoto wa simba wakikua, kwa sisi tunaotokea Unguja na Pemba

Huku kwetu simba hakuna, hilo kila mtu analijua, lakini kila asubuhi ndege ndogo zinaruka pale uwanjani Kisauni na wageni wanaokwenda Nyerere, Serengeti na kwengineko, na vijana wetu ndo wanaowauzia hizo safari, wengine wako kwenye kazi hio miaka na miaka na mtoto wa simba hawajamuona kwa macho yao. Na wachache wetu waliobahatika kwenda, wengi wamekwenda mara moja, wakamkuta simba kalala chini ya mti, wakapiga picha, wakarudi. Mimi nasema hivi, mtoto mmoja wa simba uliyemuona ana wiki nane, ukamrudia ana miezi sita, ukamrudia tena ametimiza mwaka, atakufundisha mengi kuliko simba hamsini wa kupita njia. Kwa hio hapa nitaeleza namna ya kuchagua familia moja na kuifuata mpaka watoto wake wawe watu wazima, kazi ya kama miaka miwili, na mtu wa kipato cha kawaida anaiweza kabisa akijipanga mapema.

Kwanza kabisa: mazoezi Jozani, kabla hujavuka bahari

Usiruke hatua hii hata kama unaona haihusiani. Kumfuatilia mtoto wa mnyama ni kazi ya jicho na subira, na vyote viwili vinafunzika hapa hapa kwa nauli ya daladala. Panda gari za Makunduchi, Jambiani au Paje, zote zinapita mlangoni Jozani, halafu kaa na kima punju. Wale wamezoea watu, na hawapatikani pahala pengine popote duniani ila Unguja, pamoja na wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970.

Zoezi lenyewe ni hili. Chagua mama mmoja mwenye mtoto, usihangaike na kundi zima. Kila baada ya dakika kumi andika mtoto anafanya nini: ananyonya, anacheza, amelala, na yuko umbali gani na mamake. Fanya hivo saa mbili bila kumpoteza. Mara ya mwanzo utampoteza, kwa sababu kima wote utawaona sawa, mpaka uanze kushika vitu vidogo, huyu mkia umepinda, huyu sikio limechanika. Ukifika pahala unaweza kumtambua mama yule yule siku nyengine ukirudi bas uko tayari kwa simba. Bakia kwenye njia, usiwaguse, usiwape chakula, na ukiwa na mafua ahirisha, maradhi yetu ya kifua yanawaingia na wao.

Walioko Pemba wanaweza kwenda Kidike kwa popo, mama popo anaruka na mtoto amemg'ang'ania kifuani, ingawa kwa zoezi la kutambua mmoja mmoja kima ni bora zaidi, popo wako juu mno.

Kuchagua hifadhi

Hapa watu wengi wanakosea wanataka Serengeti tu kwa sababu ya jina. Serengeti ni nzuri, hakuna ubishi, ina kilomita za mraba 14,763 na simba wake wamefuatiliwa na watafiti mfululizo tangu 1966, yaani sehemu kubwa ya haya nitakayoyaeleza kuhusu maisha ya simba dunia imeyajua kwa kukaa na simba wa kule. Lakini wewe unatakiwa urudi, na urudi tena, na Serengeti kutoka Unguja ni mbali na ni ghali. Kama unazo, sawa, nenda Januari mpaka Machi upande wa Ndutu wakati nyumbu wanazaa, chakula kinakuwa kingi na simba hawaendi mbali.

Saadani iko ng'ambo yetu kabisa, imepandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2005 na inapakana na bahari, lakini simba wake ni wachache na waoga, unaweza kukaa siku tatu ukaona nyayo tu. Nyerere ni kubwa sana, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, simba wapo wa kutosha ila kwa ndege bei inapanda na kwa barabara ni safari ya kuchosha.

Chaguo langu kwa mtu wa visiwani ni Mikumi. Hifadhi tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na uwanda wake wa Mkata ni wazi, majani yakiwa mafupi unaona mbali. Muhimu zaidi, unaifikia kwa boti, treni na gari, na unaweza kuirudia bila kuuza shamba la karafuu.

Pesa, njia na vitu vya kubeba

Gari ndo inayokula pesa, mambo mengine yote ni madogo. Kwa hio tafuteni watu wanne au watano wenye nia moja, si watu wa kuja kupiga selfi na kudai kurudi hotelini saa nne, na mchangie. Sisi tulifanya kwa mchezo, kila mwezi kila mtu anatoa kiasi chake na zamu ya kila robo mwaka inakuwa ya safari, hakuna anayeumia. Viingilio vya hifadhi kwa raia ni vya shilingi na ni vidogo sana ukilinganisha na wageni, ila lazima uoneshe kitambulisho, kwa hio kila mtu abebe chake, boti na treni wanakitaka vile vile. Bei zinabadilika, uliza kabla ya kuondoka.

Njia ni hii: boti ya asubuhi kutoka Malindi, baada ya kama saa mbili uko Dar, stesheni ya treni ya mwendokasi haiko mbali na bandari, treni hio imeanza kubeba abiria mpaka Morogoro 2024 na inachukua chini ya saa mbili. Morogoro mnakutana na gari mliyokodi, ya juu kufunguka, mnakwenda kulala mji wa Mikumi. Hifadhi yenyewe imekatwa na barabara kuu ya Iringa kwa kama kilomita 50 kwa hio mtaanza kuona tembo na swala kabla hata hamjalipa. Miezi ya kusi bahari inachafuka, wale wanaotapika wameze dawa mapema, siku ya kwanza ukifika umelegea hutaona kitu.

Wakati gani? Simba hawana msimu maalumu wa kuzaa, wanazaa mwaka mzima, kwa hio swali ni lini utawaona vizuri. Kuanzia Juni mpaka Oktoba majani yamekauka na wanyama wanajikusanya penye maji, huo ndo wakati. Masika achana nayo, udongo mweusi wa Mkata ukinasa gari mtashinda hapo.

Vya kubeba:
- Darubini, hii ni muhimu kuliko kamera. Namba 8x42 inatosha, 10x42 inavuta zaidi ila mkono ukitetemeka na picha inatetemeka.
- Kamera yenye lenzi ya kuvuta, angalau milimita 300. Kama huna, weka simu kwenye tundu la darubini, kwa kazi ya kutambua simba picha hio inafaa.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino inakataa kwenye vumbi na jasho, na simu chaji inaisha.
- Koti. Watu wa joto sisi, alfajiri ya Julai juu ya gari lililo wazi utatetemeka.
- Nguo za rangi ya majani makavu, kahawia au kijivu. Mbung'o wanavutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea, na wanauma kupitia nguo. Akina mama hii inawahusu sana, baibui jeusi liacheni hotelini, vaeni la kahawia au jilbabu la rangi ya mchanga.
- Chandarua na dawa ya mbu. Zanzibar malaria imepungua sana ndo tunajisahau, bara bado ipo. Ukirudi ukapata homa ndani ya wiki chache nenda kapime siku hio hio na useme umetoka Morogoro.

Swala: alfajiri mnaswali kabla ya kutoka, kwa sababu geti linafunguliwa saa 12 na dakika hizo ni dhahabu. Adhuhuri panga mapema na dereva mtakuwa pahala panaporuhusiwa kushuka, kama sehemu ya mapumziko au bwawa la viboko, msije mkataka kuteremka porini. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, itumieni.

Kuipata familia yako

Siku ya kwanza usitafute simba, tafuta habari. Ongea na madereva wanaoingia kila siku na askari wa getini, uliza maswali matatu tu: familia gani ina watoto wadogo, wangapi, na wameonekana wapi mara ya mwisho. Halafu fananisha majibu ya watu wawili watatu.

Usiku ukiwa umelala mjini au kambini, sikiliza. Ngurumo ya simba usiku uliotulia inaweza kusikika mpaka kilomita nane, andika saa na upande, asubuhi mwambie dereva aanzie huko. Mchana angalia wanyama wengine. Swala wote wamesimama wameelekeza masikio pahala pamoja, pana kitu. Tumbusi wanashuka mmoja mmoja kwa kasi, pana mzoga, wakiwa wamekaa juu ya mti na hawashuki basi mara nyingi mwenye mzoga bado yupo chini.

Ukishaipata, familia ya simba ni majike kwanza. Mama, dada zake, mabinti, wajukuu, hao ndo wenye nyumba na wenye eneo. Madume ni wageni wa kukaa kwa muda, pengine wawili watatu ndugu waliokuja pamoja, na wengi hawamalizi zaidi ya miaka miwili mitatu kabla ya kufukuzwa na wenye nguvu kuliko wao. Kwa hio ukitaka familia ya kuifuata miaka miwili shika majike, dume usimtegemee.

Kutambua nani ni nani

Hii ndo sehemu inayowatisha watu na kumbe ina ufundi wake. Angalia juu ya mdomo, pale sharubu zinapoota. Pana vidoti vyeusi vimejipanga safu. Juu ya safu kamili ya mwanzo utaona vidoti vichache vimekaa peke yake, kimoja, viwili, vitatu, na mahali vilipokaa ukilinganisha na safu ya chini yake kila simba ana mpango wake, na kushoto ni tofauti na kulia. Haubadiliki mpaka anakufa. Watafiti Pennycuick na Rudnai ndo walioieleza njia hii mwaka 1970 na mpaka leo inatumika.

Kwa hio kila simba anahitaji picha mbili za uso, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, kwenye mwanga. Ukirudi chumbani chora vidoti kwenye daftari. Ongeza alama nyengine, sikio lililochanika, kovu puani, mkia uliokatika ncha, lakini kumbuka alama za majeraha zinaongezeka, vidoti ndo vinavyobaki. Kwa watoto wadogo sana vidoti vinasumbua, wanahangaika hawatulii, subiri wafike miezi mitatu minne hivi.

Pua nayo inasaidia kwa umri. Mtoto ana pua ya waridi, na kadri miaka inavyokwenda inaanza kupata madoa meusi mpaka kwa wazee inakuwa nyeusi karibu yote.

Majina: majike wakubwa mimi nawapa majina ya kwetu, Mwera, Dole, Chwaka, Konde, nakumbuka haraka. Watoto nawapa herufi tu, na mtoto anapata jina la mji akitimiza mwaka. Sababu utaiona huko chini.

Maandishi ya daftari yawe mafupi na ya namna moja kila siku, mfano: "Saa 12:40 asubuhi, kusini ya bwawa. Majike 3, watoto 5, wakubwa 2 wadogo 3. Mwera ananyonyesha. Mtoto B anachechemea mguu wa nyuma kushoto. Dume hayupo." Hizo sentensi chache baada ya mwaka mmoja zina thamani kuliko picha elfu.

Umri kwa umri, cha kuangalia

Mimba ya simba ni siku 110 hivi. Tumbo halionekani sana, simba aliyeshiba na simba mwenye mimba wanafanana, kwa hio usibahatishe kwa tumbo. Angalia chuchu. Jike aliyezaa chuchu zake nne zimevimba na manyoya pembeni yake yamelala, yamelowana au yana weusi. Na tabia yake: anajitenga, yuko peke yake asubuhi wakati dada zake wamelala pamoja, anakuja kula halafu anaondoka moja kwa moja kwenda upande ule ule wa vichaka au korongo. Huyo ana watoto.

Na hapa nakuomba sana: usimfuate. Watoto wanazaliwa hawaoni, kilo moja mpaka mbili tu, macho yanafunguka ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kwa wiki sita mpaka nane mama anawaficha peke yake, anawahamisha mmoja mmoja kwa mdomo kutoka maficho haya kwenda yale ili harufu isikusanyike. Anapokwenda kuwinda wanabaki peke yao. Fisi, chui, nyati wanaokanyaga kwa makusudi, wote wanawatafuta. Gari lako likisimama pale kila siku linaonesha njia, na likimtia wasiwasi mama atawahamisha mchana kweupe jambo ambalo ni hatari kuliko yote. Dereva atakwambia "nikusogeze kidogo?", mwambie hapana. Andika tarehe, hesabu wiki nane, nenda zako nyumbani.

Wiki ya nane mpaka miezi mitatu ndo safari ya kwanza ya kweli, na ukibahatika kuipata usilale. Mama anawaleta watoto kwenye familia. Mara nyingi majike wamezaa karibu karibu, basi watoto wanakusanywa pamoja kama skuli ya chekechea na mama zao wanawalea kwa pamoja. Angalia nani ananyonyesha nani. Mama anampa wake kipaumbele, lakini akiwa amelala usingizi watoto wa dada yake wanajipenyeza na wanapata, na wewe ukiwa na zoezi la Jozani la dakika kumi kumi utaweza kuandika nani alinyonya wapi na akafukuzwa na nani. Angalia vile vile mtoto anavyokutana na dume mara ya kwanza, anajilaza, anarudi nyuma, anarudi tena kuchezea mkia wake. Umri huu mtoto anapita chini ya tumbo la mama bila kuinama, na madoa ya miguuni na tumboni yanaonekana wazi.

Miezi mitatu mpaka minane. Mchezo mwingi, na kila mchezo una maana, kunyemelea, kurukia mgongo, kuuma shingo. Nyama wanaanza mapema lakini maziwa yanaendelea mpaka kama miezi sita au minane. Cha kuangalia kwa makini hapa ni mlo. Kwenye windo dogo wakubwa wanakula kwanza na kwa fujo, mtoto anakula kilichobaki kama kimebaki. Kiangazi kikali, mawindo yakiwa mbali, utaona mbavu za watoto huku mama zao wana hali nzuri. Andika matumbo: limejaa, la kawaida, limeingia ndani. Ukipata rekodi ya matumbo ya familia yako msimu wa majani na msimu wa ukame utakuwa na kitu ambacho hata madereva wa pale hawana.

Mwaka wa kwanza mpaka mwaka na nusu. Anaanza kwenda kuwinda, na mwanzo ni kuharibu tu, anatoka mbio kabla ya wakati na pundamilia wote wanaondoka, mama anabaki kasimama. Kuanzia hapa madume madogo yanaanza kuota manyoya shingoni na kifuani, yamesimama simama, ndo utawatofautisha kwa urahisi na dada zao. Ukirudi baada ya miezi minne ukaona mwili umebadilika usikisie, toa daftari uangalie vidoti.

Miaka miwili mpaka mitatu nitarudi nayo mwishoni.

Siku yenyewe ndani ya gari

Simba anapumzika mpaka saa 20 kwa siku, kwa hio ukienda saa nne asubuhi umekwenda kuangalia usingizi. Kuwa getini saa 12 kamili, na jioni baki mpaka muda wa mwisho unaoruhusiwa. Watoto wanacheza pale jua linapochomoza na linapokaribia kuzama, mchana wamelala kivulini. Ila mchana nao usiupuuze, kama familia iko kivulini kaa nayo, zima injini, kunyweni chai yenu ya chupa, kila baada ya muda mmoja anaamka kunyonya na mwengine kuhama pahala, na wewe unapata nafasi ya kupiga nyuso zao pande zote mbili bila haraka. Magari mengine yatakuja na kuondoka, wewe kaa.

Simameni pembeni, msisimame kati ya mama na watoto wake hata siku moja, na msizibe njia wanayoelekea. Msishuke, msitoe mikono nje, msipige miluzi ili wageuke, chakula chochote kisitupwe. Dereva asipewe pesa ya kutoka nje ya barabara. Droni hairuhusiwi bila kibali. Mama akiinama kichwa, masikio yamelala nyuma, mkia unapiga piga, au watoto wakajificha ghafla kila gari likisogea, hio ni lugha tosha, rudisheni gari nyuma taratibu au ondokeni. Na picha za watoto wadogo usiziweke mtandaoni na jina la mahali siku hio hio, subiri wiki kadhaa, kesho yake utakuta magari kumi pale.

Wanaokufa

Nimekuahidi sababu ya herufi. Zaidi ya nusu ya watoto wa simba hawafiki miaka miwili. Njaa inaua, fisi wanaua, maradhi yanaua, mwaka 1994 ugonjwa unaotokana na mbwa uliua kama theluthi ya simba wa Serengeti. Mitego ya waya iliyotegewa swala inawanasa na wao, ukiona simba ana waya shingoni au mguuni piga picha na toa taarifa getini siku ile ile.

Lakini kinachowaumiza watu zaidi ni madume wapya. Wanapowafukuza madume wa zamani, watoto wadogo wa chini ya miezi tisa hivi wanauliwa karibu wote, na wakubwa kidogo wanafukuzwa au wanakimbia na mama zao. Jike anayenyonyesha hapati mimba, akipoteza watoto anaingia joto mapema, na madume wapya hawana muda mrefu kabla na wao hawajafukuzwa. Dalili utaziona kabla: ngurumo za madume usioyajua usiku mfululizo, majike wako wako macho na wamejikusanya, dume wa familia ana majeraha mapya au hayupo kabisa, familia imetawanyika. Majike wanapigana, wakati mwengine wanashinda, mama akikimbia na watoto wa mwaka mmoja anaweza kuwaokoa.

Ukirudi ukamkosa mtoto usiandike amekufa. Andika hajaonekana. Mtafute safari mbili zinazofuata kwa vidoti, kwa sababu pengine yuko na mama yake wamejitenga. Akikosekana zote na mama yupo bila yeye, hapo andika amepotea, weka tarehe ya mwisho aliyoonekana. Inauma, na iache iume, lakini familia usiihame. Wengi wanaacha hapo, ndo wanakosa kinachofuata.

Kinachofuata ni hesabu. Ukiona simba wanapandana, wanaendelea hivo siku kama nne, kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, andika tarehe. Siku 110 za mimba, ongeza wiki sita mpaka nane za kufichwa, jumla ni kama miezi mitano na nusu. Ukiwaona Januari, watoto wakijaaliwa watatoka hadharani mwisho wa Juni au Julai, na hapo ndo unakata tiketi ya boti. Tahadhari moja: baada ya madume wapya kuingia majike wanapandwa sana lakini mimba inachelewa kushika kwa miezi, kwa hio kabla hujachangisha watu mwombe dereva wako akutumie picha ya tumbo na chuchu kwa WhatsApp. Faida yake ni kwamba majike wa familia wote wanaanza upya pamoja, watoto wanakuwa wa rika moja, na watoto wa rika moja wanaolelewa pamoja wana nafasi nzuri zaidi ya kuishi.

Wakifika miaka miwili

Mama yao anakuwa karibu kuzaa tena, watoto wa simba wanapishana kama miaka miwili wale wakubwa wakiwa wamesalimika. Madume kati ya miaka miwili na mitatu wanafukuzwa au wanaondoka wenyewe, ndugu na binamu wa rika moja kwa pamoja, na wanazurura pembeni pembeni ya maeneo ya wengine mpaka wapate nguvu ya kuchukua familia yao. Usijaribu kuwafuata, utamaliza mafuta na hutawaona. Badala yake wape madereva unaowaamini picha za nyuso zao pande mbili, wakija kuonekana kwengine mtu atakupigia.

Majike wengi wanabaki nyumbani, na kwa mabinti hawa ndo utaendelea. Jike anaweza kuzaa mara ya kwanza karibu na miaka minne, yaani yule uliyemuandika kwa herufi akiwa hapiti urefu wa nyasi atakuwa na watoto wake mwenyewe kwenye uwanda ule ule. Kwa hio michoro ya vidoti ya mabinti ihamishie kwenye daftari jipya, kurasa mbili kila mmoja, moja ya uso wa kushoto na moja ya kulia, na chini acha nafasi ya kuandika chuchu, tarehe za kupandwa na hesabu ya wiki nane. Halafu piga picha kurasa zote na zihifadhi kwenye simu ya mtu mwengine wa kundi, boti ikichafuka daftari likilowa mnayo nakala.